Kikombe Kilichokataliwa

Mkaguzi alistaafu miaka minne iliyopita, lakini hakuna aliyefanikiwa kumweleza. Alikabidhi ofisi, akakabidhi funguo za kabati, akala keki ya kuagwa, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akaamka, akanyoa ndevu, akavaa shati lake la mifuko miwili, akachomeka kalamu nyekundu na ya buluu, kisha akaketi sebuleni hana pa kwenda. Hivyo ndivyo alivyofanya kila siku tangu hapo.

Kazi yake ilikuwa kukagua mizani na vipimo madukani. Aliingia duka la mtu bila hodi, akaweka jiwe lake la kilo moja juu ya mizani, akainama mpaka pua ikakaribia mshale, halafu akanyanyuka polepole ili mwenye duka apate muda wa kutosha wa kutokwa jasho. Kipimo kilicho sawa alikipiga muhuri. Kilichopungua, hata kwa unywele, alikikwaruza alama ya X kwa msumari, na mwenyewe akatakiwa kukitupa siku hiyo hiyo. Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, na yeye akadhani ni heshima.

Tumtendee haki: hakula rushwa. Hilo alilisema mwenyewe, mara nyingi, kwa watu ambao hawakumuuliza. Lakini mtu anaweza kukaa na mikono safi maisha yake yote na bado akawa adhabu nyumbani kwake. Huyu alikuwa adhabu. Alikagua mikunjo ya suruali yake iliyotoka kupigwa pasi. Alikagua kina cha chai kikombeni. Jirani yao, mama mmoja fundi cherehani aliyeshonea barazani kwake upande wa pili wa ukuta, aliwahi kuwashonea mapazia, na Mkaguzi akayapima na rula mbele ya wageni, akamwambia kwamba la kushoto limezidi nusu sentimita. Fundi akamjibu kwamba nyumba ndiyo iliyoinama upande. Tangu siku ile hawakupikika chungu kimoja, ingawa walisalimiana kila asubuhi.

Aliyeumia zaidi ni mkewe. Mama huyu alipika kwenye shule ya chekechea kwa miaka ishirini na sita. Alikaangia maandazi watoto mia na ishirini, na katika watoto wote hao hakuna aliyewahi kumpa alama; walimrudishia sahani tupu na kumwomba nyingine. Nyumbani alikaanga kila Jumamosi. Nyumbani kulikuwa na alama.

Utaratibu ulikuwa hivi. Andazi la kwanza likitoka kwenye mafuta, Mkaguzi aliletewa kwenye kisahani. Alilipasua katikati kwa vidole gumba vyote viwili, akalinusa, akachomeka kidole ndani kuona kama pameiva, akatafuna akiwa amefumba macho. Mkewe alisimama pembeni na kitambaa begani, akingoja. Kwanza zilikuja kasoro: iliki imezidi, sukari imejificha, upande huu umeungua. Halafu ikaja alama, kati ya kumi. Sita. Sita na nusu. Tano. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa alama ya juu kabisa iliyotolewa ilikuwa nane, na hiyo aliitoa siku aliyopandishwa cheo, akiwa na furaha zake. Jioni yake aliijutia, akasema labda ilikuwa saba.

Na hapo ndipo kinapoingia kikombe. Miaka ishirini nyuma Mkaguzi aliingia jikoni kutafuta kiberiti, akamkuta mkewe anapimia maji ya kukandia unga kwa kikombe cha bati. Mkewe alikirithi kwa mama yake. Kilikuwa kimebonyea kitako kuelekea ndani, na mdomo umepinda kama wa mtu anayesikia uchungu. Mkaguzi alikodoa macho.

"Unapimia hiki?"

"Ndicho ninachopimia siku zote."

"Nyumbani kwangu? Nyumbani kwa mkaguzi wa vipimo?"

Alikitwaa, akatoa msumari mfukoni, maana alitembea nao, akakikwaruza X kubwa kitakoni. Akaagiza kitupwe. Kesho yake alileta kipimo cha robo lita, kipya, king'aacho, chenye muhuri wa serikali ubavuni. Alipigilia msumari ukutani juu ya jiko, akakining'iniza. Jumamosi iliyofuata alionja andazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Unaona tofauti?" Mkewe akasema anaiona.

Kisa hicho Mkaguzi alikisimulia mpaka watu wakawa wanakikimbia. Siku ya kuagwa kwake alikisimulia tena mbele ya wakubwa zake, kipaza sauti mkononi. "Hata nyumbani kwangu," alisema, akijipiga kifua, "tangu niingize kipimo halali, maandazi ya mke wangu yamekaa sawa." Watu walipiga makofi. Mkewe naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Basi. Mwaka huu, mwezi wa pili, dada yake mkewe aliugua. Mama akaenda kumuuguza siku kumi, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko, mpaka dada mtu akakata roho mikononi mwake. Walizika. Kesho yake asubuhi watu walikuja nyumbani kumpa pole, na yeye, badala ya kukaa alie kama wengine, aliingia jikoni akakaanga maandazi, kwa sababu mikono yake haikujua kitu kingine cha kufanya. Alitoka na sinia, akaliweka mezani katikati ya wageni.

Mkaguzi alichukua moja. Akalipasua. Akalinusa. Akachomeka kidole.

"Umeharakisha leo," alisema. "Katikati hapajaiva. Tano."

Fundi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinamisha kichwa kwa aibu, na aibu hiyo haikuwa yake. Mkewe alimtazama mumewe, macho yamevimba. Hakufoka. Angefoka pengine Mkaguzi angeelewa. Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani karibu na lile andazi lililopasuliwa.

"Kaanga mwenyewe, Mzee," alisema. "Kaanga yako, uyape alama."

Akanawa mikono, akachukua mkoba, akaondoka na binti yao mkubwa kwenda kukaa kwake siku ile ile.

Wiki tatu Mkaguzi aliishi kwa mkate wa dukani, na kila kipande alikilalamikia peke yake. Hakumpigia mkewe. Alingoja apigiwe, kwa hoja kwamba aliyeondoka ndiye aliyeacha kituo chake cha kazi. Ilipofika Jumanne ya wiki ya nne simu ikalia. Alikuwa binti yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako anarudi lini?"

"Atakuja Jumamosi, saa nne asubuhi."

"Nilijua tu."

"Anakuja kuchukua nguo zake zilizobaki, baba."

Mkaguzi alikaa. Kiti kilikuwa pale pale nyuma yake, vinginevyo angekaa sakafuni. Nguo zilizobaki maana yake ni zote. Kabati upande mmoja litakuwa tupu, na yeye atabaki na saa ya ukutani na kipande cha mkate. Kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya pole aliogopa, na alipoogopa alifanya alichofanya kila mwenye duka ambaye yeye aliwahi kumtetemesha: akatafuta namna ya kurekebisha kasoro kabla ya siku ya ukaguzi. Si mke alisema kaanga mwenyewe? Basi hilo ndilo sharti. Atakaanga, mke ataona, shauri litakwisha. Mtu aliyeishi na kanuni miaka yote hiyo huona kanuni hata kwenye kilio cha watu.

"Muulize mama yako kipimo cha maandazi," alisema.

Akasikia binti anaguna. Kisha ikaja sauti ya mkewe kwa mbali, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeelekeza njia. "Mwambie unga kilo moja. Yai moja. Sukari nusu ya bakuli dogo la buluu, mafuta vijiko vinne, hamira kijiko kimoja, iliki anavyopenda. Maji vikombe viwili na nusu. Kwa kikombe changu."

"Umesikia, baba? Kwa kikombe chake."

"Kikombe chake nakijua," alisema Mkaguzi. "Nilimnunulia mimi."

Jumatano asubuhi alivaa aproni. Alipasua paketi ya unga, akapanga vitu vyote mezani kwa mstari kama ushahidi. Alitungua kipimo cha robo lita msumarini, akajaza maji mpaka mstarini, akainama kuhakikisha, akamimina. Viwili na nusu, bila tone kuzidi wala kupungua. Akaanza kukanda.

Dakika kumi baadaye alikuwa amenasa. Unga ulimpanda vidole, ukampanda viganja, ukafika karibu na kiwiko, na kila alipojaribu kuutoa mkono mmoja kwa mwingine ukahamia na kubaki huko huko. Fundi alisikia vishindo vyake, akachungulia juu ya ukuta kwenye dirisha la jikoni, sindano bado iko mdomoni.

"Mkaguzi, unabandika matangazo?"

"Nakaanga maandazi."

"Hiyo ni gundi. Ongeza unga."

"Kipimo ni kilo moja."

"Kilo moja ya nani? Unga unausikia kwa mkono. Ukikushika, unaongeza. Ukikuachia, unaacha."

"Dada," alisema Mkaguzi, akijinyoosha kwa heshima yote inayowezekana kwa mtu aliyenasa mpaka kwenye viwiko, "kuongeza nje ya kipimo ni kughushi."

Fundi alitoa sindano mdomoni ili aweze kucheka vizuri.

Mkaguzi alikata vipande kwa rula, sentimita sita kwa sita, na kila alipomaliza kipande cha nne, cha kwanza kilikuwa kimeshayeyuka na kuwa mviringo. Alivibwaga kwenye karai. Vikatandazika, vikanywa mafuta, vikaiva nje rangi ya kiatu na ndani vikabaki ute. Alipasua kimoja, akanusa, akachomeka kidole. Kidole kilitoka na unga mbichi. "Mbili," alisema, maana hakuwa mwongo. Kisha akaanza kutafuta mwenye makosa.

Alianza na paketi. Alitoa mizani yake ya zamani chini ya kitanda, akapima paketi nyingine iliyokuwa haijafunguliwa, akitumaini kwa moyo wote kwamba imepunjwa. Ilikuwa kilo moja kamili. Alisikitika. Alihamia kwenye hamira, akaenda dukani kuulizia tarehe yake, na muuza duka, aliyewahi kukwaruziwa mizani mbili na mtu huyu huyu, alimwonyesha tarehe kwa furaha kubwa. Ilikuwa mpya. Alhamisi alirudia. Alibadilisha jiko, alibadilisha karai, alikanda dakika arobaini kwa saa. Hakubadilisha maji, kwa sababu maji yalikuwa na muhuri wa serikali. Matokeo yalikuwa yale yale, ila yalinuka zaidi. Aliyamwaga yote nyuma ya nyumba. Kuku wa Fundi walikuja, wakayadonoa, wakaondoka.

Ijumaa asubuhi aliamka amenyong'onyea. Siku moja imebaki. Paketi zimekwisha. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na ndoo ya mkewe ya unga, yenye mfuniko, na kwa kuwa hakuwa na nguvu za kwenda kuchekwa tena dukani, aliifungua na kuingiza mkono achote.

Mkono uligonga bati.

Alikivuta nje, kikitiririka unga. Kilikuwa kikombe, kimebonyea kitako kuelekea ndani, mdomo umepinda. Alikigeuza. Kitakoni palikuwa na X, iliyokwaruzwa kwa msumari, kwa mkono wake mwenyewe.

Wala hakikufichwa. Kilikaa mahali kinapotakiwa kukaa, juu ya unga, kila siku kwa miaka ishirini, ndani ya ndoo ambayo mwanamume huyu hakuwahi kuifunua. Kipimo chenye muhuri kilining'inia ukutani kwa ajili yake atazame. Hiki ndicho kilichofanya kazi.

Alikijaza maji, akayamimina kwenye kipimo cha robo lita. Yalifika robo tatu, na kidogo juu yake. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu yakasimama pale pale. Hapo hasira ikampanda. Alitaka kumpigia mtu simu, akajiuliza amshitaki mkewe wapi, kwenye ofisi gani, kwa kosa la kupunja maji ya nani. Hasira ikakosa pa kwenda. Badala yake akakumbuka siku ya kuagwa, yeye na kipaza sauti, akijipiga kifua, na mkewe kule kwenye viti vya mbele akipiga makofi kuliko wote. Akakumbuka "Unaona tofauti?" na "Naiona". Masikio yakamwaka moto. Alitembea jikoni kutoka jiko mpaka mlangoni na kurudi, na ile nane, nane ya pekee, ikamjia pia. Aliitoa miaka kumi na miwili iliyopita. Aliipa kikombe alichokikataa.

Kwa vile hakuwa na lingine la kufanya, alikaanga. Kilo moja ya unga wa ndoo, alioupima kwa jiwe lake. Maji vikombe viwili na nusu, kwa kikombe kibovu. Safari hii unga ulishikana wenyewe. Mwanzoni ulimng'ang'ania, kisha ukaanza kumwachia kidole kimoja kimoja, mpaka akabaki na donge laini na viganja vikavu. Aliduwaa nao.

"Umekuachia?" Fundi aliuliza kutoka juu ya ukuta.

"Umeniachia."

"Basi ufunike, uuache. Usiukague."

Aliufunika. Haikuwa rahisi, lakini aliufunika, akakaa nje ya jikoni saa nzima mikono amekalia. Uliumuka. Alipovitia vipande kwenye mafuta vilizama kidogo, vikapanda juu, vikavimba, vikajigeuza tumbo. Alitoa la kwanza, akalipasua. Ndani palikuwa na uwazi na mvuke wa iliki. Alitafuna akiwa amefumba macho.

"Tisa," alisema kwa sauti.

Tisa! Karai lake la tatu maishani kama mpishi, na tayari limempita mwanamke aliyekaanga tangu kabla hajamjua. Alilisema peke yake jikoni, likarudi kutoka ukutani likamgonga, na hata yeye, ambaye si mwepesi, alisikia lilivyo la aibu. Alilirudisha andazi kwenye kisahani. Aliona haya ya kweli, ya kushindwa kutazama popote. Alifikiri juu ya ule mkono uliotoka kumfumba shemeji yake macho, ukaja ukakanda unga, na yeye akauchomeka kidole.

Mtu mwingine hapo angechukua simu, aseme nisamehe, na shauri likaisha. Neno moja. Huyu alitafuta rangi. Chini ya kitanda, karibu na mizani, palikuwa na kopo la rangi nyekundu alilotumia zamani kuandika namba kwenye mawe ya mizani. Alikaa mezani mchana kutwa, amevaa miwani, akapima kikombe cha bati kwa maji mara kumi, akatafuta wastani, kisha kwa brashi ndogo akaandika ubavuni mwake, kwa mwandiko wake wa ofisini: ml 190. Kikiandikwa kiasi chake cha kweli, kipimo ni halali. Alikining'iniza kwenye msumari juu ya jiko. Kile cha serikali alikitoa nje, akakitumia kumwagilia ua kwenye kopo. Kisha akarudi akasimama mbali kidogo, akakitazama, na kwa moyo mweupe kabisa aliamini kwamba hakuna mwanamume katika mtaa ule aliyewahi kumfanyia mkewe jambo kubwa hivyo.

Jumamosi saa nne kasoro tano lango likalia. Binti alibaki nje kwenye gari. Mama aliingia na begi kubwa, jepesi. Alikuwa amekonda usoni, lakini alitembea kama mtu aliyelala vizuri. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akanusa hewa.

"Umekaanga."

"Nimekaanga. Kaa, mama watoto. Yametoka sasa hivi."

Hakukaa. Alikuwa ameona msumari. Alisogea mpaka kwenye jiko, akakitungua kikombe, akakigeuza taratibu mpaka maandishi mekundu yakawa mbele yake.

"Umekiandika."

"Ili kiwe halali," alisema Mkaguzi.

Midomo ya mkewe ilitetemeka. Mkaguzi akadhani analia, akatafuta leso, na ndipo alipoona kwamba ni kicheko, kicheko kinachozuiwa kwa nguvu zote na kinachopenya puani. "Ili kiwe halali," alirudia, akajifuta macho kwa kisigino cha mkono. Alikirudisha msumarini. Akavuta kiti, akakaa.

Mkaguzi alimletea andazi kwenye kisahani. Kisha akasimama pembeni na kitambaa begani, hakujua kilifikaje pale. Mkewe hakulipasua. Hakulinusa. Alilinyanyua akalila, tonge kwa tonge, akitazama dirishani, bila haraka yoyote. Mkaguzi alitazama taya zake. Zilisaga, zikatulia, zikasaga tena. Alijaribu kusoma kitu kwenye nyusi. Hakukuwa na kitu. Moyo ulimdunda kama wa muuza duka. Mkewe alimaliza, akanyoosha mkono, akachukua la pili, na akaanza upya.

"Je?" alisema Mkaguzi, kashindwa.

"Je nini?"

"Ni ngapi?"

Alitafuna mpaka mwisho, akameza. "Yale ya msiba ulinipa tano."

"Ndiyo."

"Yalikuwa mabichi kweli. Nilijua hata kabla sijayatoa. Nilikuwa nimetoka kumzika dada yangu, Mzee, nikawa sioni hata mafuta."

"Heri ningenyamaza," alisema Mkaguzi. Ilimtoka kwa shida, kama jino. "Ningelila nikanyamaza."

"Ungenyamaza," alikubali mkewe. Akanyanyuka, akachukua begi, akaingia chumbani.

Mkaguzi alibaki jikoni akisikiliza. Alisikia kabati likifunguliwa. Alisikia vining'inio vikigongana, kimoja, kingine, kingine, na kila kimoja kilimchoma mahali pake. Alijiambia anapanga tu. Alijiambia anatafuta ile kanga ya nyumbani. Mkewe alipotoka, begi lilikuwa limejaa, analiburuta kwa mikono miwili.

"Uliniambia nikaange!" Mkaguzi alipaza sauti. "Nimekaanga!"

"Nilikwambia ukaange. Sikukwambia nitarudi."

Hakulisema kwa ukali. Alichukua karatasi, akafunga maandazi manne ya binti, akaacha moja kwenye sinia. Mkaguzi, aliyekuwa amepauka kama unga wenyewe, alitungua kikombe msumarini akamnyooshea kwa mikono yote miwili.

"Basi chukua kikombe chako."

Mkewe alikitazama, ile X chini na yale maandishi mekundu ubavuni, akakisukuma kirudi kifuani kwa mumewe.

"Kibaki hapa. Utakihitaji. Jumamosi ijayo niletee mengine nyumbani kwa mtoto, yakiwa moto. Kabla ya saa nne."

"Na alama?"

"Uje na maandazi tu, bila kalamu," alisema. "Tutaona."

Lango lilifungwa. Gari likawaka, likaenda. Fundi, aliyesikia kila neno na hakujisumbua kuficha, aliendelea kukanyaga cherehani yake.

Mkaguzi alirudi jikoni. Andazi moja lilikuwa limebaki. Alilichukua, vidole gumba vikaenda vyenyewe katikati, akalipasua, akalileta puani, akainua uso kusema kasoro na alama. Pale aliposimama mkewe siku zote, karibu na mlango, palikuwa na ndoo ya unga tu. Alifumba mdomo. Alikula nusu ya kwanza, akala na ya pili, amesimama, bila kusema kitu. Kisha alichomoa kalamu nyekundu mfukoni akaiweka mezani, na baada ya muda akaiweka na ya buluu. Akavua aproni, akatoka kwenda kununua unga.